Magari Matatu ya Umeme, na Gari la Kituo Chetu cha Afya

Mada iliyotolewa kwenye mkutano mkuu wa mwaka wa wana-Lushoto waishio Dar es Salaam



Katibu amenipa dakika ishirini, pamoja na onyo kwamba nisigeuze mkutano kuwa gereji. Wanaonifahamu wanajua sababu. Nilipokuwa mtoto pale Soni nilikuwa nalijua kila lori la kabichi kwa mlio wake kabla halijatokeza kwenye kona, na mpaka leo nikiulizwa jambo fulani lilitokea mwaka gani, nakumbuka kwanza wakati ule nilikuwa naendesha gari gani. Kazi yangu ni uhasibu, ugonjwa wangu ni magari. Leo nimeombwa nizungumze kwa yote mawili, kwa sababu vijana wetu wameleta pendekezo kwamba gari la wagonjwa tunalolichangia mwaka huu liwe la umeme.

Pendekezo hilo si la mchezo, na nisingependa wazee walicheke. Vijana wanasema hivi: gari la wagonjwa mara nyingi halikwami kwa kuharibika, linakwama kwa kukosa mafuta. Mama anashikwa na uchungu usiku, ndugu wanaanza kuchangishana hela ya dizeli uani. Umeme wa Bwawa la Nyerere upo, megawati 2,115, nyaya zimeshapita mpaka kijijini. Kwa nini tuendelee kumtegemea mwenye pampu?

Mimi naendesha magari ya umeme tangu mwaka 2019. Nimekuwa nayo matatu, moja baada ya jingine, na kila kilomita na kila uniti nimeiandika kwenye daftari, maana mhasibu hana starehe isiyo na daftari. Niwaeleze nilichokiona, halafu tufike kwenye gari la kituo.

La kwanza lilikuwa Nissan Leaf ya toleo la mwanzo, lile lililoanza kuuzwa Japani na Marekani mwishoni mwa 2010. Betri yake ina uniti 24. Uniti hizo ni zilezile mnazonunua kwa LUKU. Mwenye kuielewa mita ya nyumbani kwake ameshalielewa gari la umeme. Gari hilo likiwa jipya, wapimaji wa serikali ya Marekani waliliandikia maili 73, yaani kilomita 117 hivi kwa chaji moja. Langu halikuwa jipya. Lilikuwa limetumika Japani miaka saba, na kwenye dashibodi, pale penye vistari kumi na viwili vya kuonyesha afya ya betri, lilikuwa limebaki na tisa. Nilijua ninachonunua. Kutoka kwangu Mbezi hadi ofisini Posta na kurudi ni kilomita 50 na kidogo, na gari lilikuwa linamudu 80. Bei yake ilikuwa ya kujaribia, nami nilitaka kujaribu.

Mwezi wa kwanza nilidhani kuna kitu kimekufa. Unawasha, kimya. Uko kwenye foleni ya Mwenge, magari yote yanatetemeka na kutoa moshi, wewe umekaa kama uko sebuleni. Gari la petroli kwenye foleni linakunywa hata likiwa limesimama. Hili likisimama linatumia kiyoyozi na redio tu. Halafu taa ikiwa kijani, ukikanyaga, nguvu yote inakuja papo hapo bila kusubiri gia. Kijana mmoja mwenye gari la mbio alinifuata kwenye taa tatu mfululizo akitaka kujua nimefunga injini gani. Mlio niliukosa, siwafichi. Mtu aliyelelewa na malori ya Soni hawezi kupenda ukimya kwa siku moja.

Nije kwenye hesabu, maana hapa ndipo watu wengi hunisimamisha makanisani na msikitini. Katika miaka ile nilikuwa nalipa shilingi 356 hivi kwa uniti, makato yote yakiwemo. Uniti moja ya mita ilinipeleka kilomita tano na kitu, kwa sababu sehemu ya umeme hupotea njiani kama joto wakati wa kuchaji. Kwa hiyo kilomita moja ilinigharimu kama shilingi 67. Gari langu la petroli la awali, kwenye foleni zilezile, lilikuwa linakwenda kilomita kumi kwa lita. Tuweke lita shilingi 3,000 kwa urahisi wa hesabu: shilingi 300 kwa kilomita. Kwa kilomita 12,500 za kwenda kazini kwa mwaka, petroli ni milioni 3 na laki 7 na nusu, umeme ni kama laki 8 na elfu 40. Tofauti inakaribia milioni 2.9. Ongeza kwamba halina oili ya injini ya kumwaga, halina plagi, halina mkanda wa kubadilisha, na pedi za breki zinakaa sana.

Mtu akiishia hapo atakimbilia bandarini kesho asubuhi. Lakini hesabu ina ukurasa wa pili. Gari la petroli linachakaa kwa kilomita. Betri inachakaa kwa kilomita, kwa miaka na kwa joto, hata gari likiwa limeegeshwa. Toleo lile la betri linapozwa na hewa tu, halina mzunguko wa maji, na hewa ya Dar es Salaam mnaijua wenyewe ilivyo mwezi wa pili. Katika miaka mitatu vile vistari tisa vilikuwa saba, na kilomita 80 zikawa 60. Si kosa la mtu. Gari lilikuwa limetimiza miaka kumi. Ila anayenunua gari la umeme lililotumika ananunua vitu viwili, gari na betri, na bei ya mnadani humwonyesha kimoja tu. Rangi inang'aa, viti visafi, kilomita chache, na betri imeshakula nusu ya maisha yake. Ukiagiza, dai kwanza picha ya afya ya betri. Muuzaji akikwepa, wewe pia kwepa.

Hapo niseme jambo litakalowafurahisha vijana. Kule kwetu baridi ni rafiki wa betri. Gari lililoegeshwa Lushoto mjini, mita 1,400 hivi juu ya usawa wa bahari, litaishi vizuri kuliko lililoegeshwa Kariakoo.

La pili nililinunua 2022, Leaf ya toleo lililofuata, betri ya uniti 40. Jipya liliandikiwa maili 151, yaani kilomita 243. Na hili, kwa kuwa ninyi ndio ninyi, nililipandisha nyumbani Desemba ile.

Tuliondoka Dar saa nane mchana kwa njia ya Bagamoyo na Msata, mwendo wa 70, kiyoyozi kimezimwa, watoto wanalalamika. Mabasi yakatupita, malori yakatupita, mpaka ikafika zamu ya gari la nyasi kutupita. Mkata tulifika giza likiingia, betri ina asilimia 11. Tukapanga nyumba ya wageni. Kwa soketi ya kawaida gari lile linavuta uniti mbili na kitu kwa saa, kwa hiyo kupata uniti 25 lazima ulale. Tukapitisha waya dirishani. Baada ya saa moja nikashika ile ekstensheni ya mwenye nyumba, ikawa ya moto kama pasi. Waya mwembamba wa kuchajia simu na kuwasha televisheni haukutengenezwa kubeba mzigo huo usiku kucha. Tulihamia soketi ya jikoni iliyokuwa na waya mnene, jiko likahamia uani. Asubuhi mwenye nyumba akanitoza shilingi 15,000 za umeme. Kwa uniti zile ilikuwa kama elfu 9. Nililipa bila kumfungulia daftari.

Mombo tulifika na asilimia 41. Sasa mlima. Kutoka Mombo hadi Lushoto ni kilomita 33 hivi, na unapanda karibu mita 1,000. Kupandisha gari la tani moja na nusu na familia na mifuko ya mchele urefu ule kunahitaji uniti kama tano kwa kupanda peke yake, kabla hujahesabu mwendo wa kawaida na kona. Kila ukiangalia dashibodi namba imeshuka: 33, 29, 24. Tukipita Soni mke wangu akazima redio, kana kwamba taarifa ya habari ndiyo inayotumaliza. Lushoto tuliingia na asilimia 14. Safari hiyo ilituchukua saa 22.

Kurudi ndiko kulikonifundisha zaidi. Niliondoka nyumbani na asilimia 80. Mkiinua mguu kwenye mteremko, mota inageuka kuwa jenereta: magurudumu yanaizungusha, umeme unarudi kwenye betri, na gari linajizuia lenyewe. Kuanzia Soni kuteremka sikugusa breki zaidi ya mara nne, huku lori lililokuwa mbele yetu likinuka breki kona hadi kona. Mombo nilifika na asilimia 84. Nimeshuka mlima nimepata mafuta! Mwenye kupanga kufanya hivyo ajue jambo moja: asiijaze betri mpaka juu kabla ya kuteremka. Betri iliyojaa haina pa kuweka, na gari linarudi kutegemea breki kama mengine.

La tatu ndilo nililonalo sasa. Ni la Kichina, nililinunua jipya 2024, betri ya uniti 60 ya aina ya chuma na fosfati, isiyo na nikeli wala kobalti. Ni nzito zaidi, lakini inastahimili kujazwa hadi mwisho, na ina maji ya kuipoza. Jina lake silitaji kwa sababu ya yaliyonipata. Mwezi wa tano, kifaa cha ndani cha kupokea umeme wa nyumbani kikafa. Gari zima, betri nzima, haiwezi kula. Muuzaji akaagiza spea, nami nikasubiri wiki kumi na moja, gari jipya limefunikwa turubai barazani na majirani wanapita wakinipa pole kama nimefiwa. Sikupata fundi mtaani wa kulifungua, na waliokuwa tayari kulifungua niliwaogopa zaidi, maana umeme ulio kwenye betri ile unaua. Corolla ikifa Kimara, kabla hujafungua boneti mafundi watatu wameshafika, mmoja ana spea mfukoni.

Lilipopona nilienda nalo kwenye msiba wa mama mdogo, masika iliyopita. Mti ulikuwa umeangukia nyaya, kijiji kizima giza, mvua inanyesha, na watu wamejaa uwanjani. Gari hili lina uwezo wa kutoa umeme kama soketi ya ukutani. Nikaunga waya: taa za turubai, taa za jikoni kwa akina mama, spika ya wanakwaya, na rundo la simu za waombolezaji. Zikawaka tangu saa moja jioni hadi kulipopambazuka. Betri ilitoka asilimia 71 ikafika 63. Uniti tano, basi.

Usiku ule muuguzi wa kituo chetu, aliyekuja kuhani, alisimama pembeni ya gari kwa muda, kisha akaniuliza: "Kaka, hiki kitu kinaweza kuwasha taa za wodi ya wazazi na mashine ya oksijeni?" Nikamwuliza umeme ukikatika wanafanyaje. Akasema tochi ya simu, mmoja anamulika na mwingine anazalisha. Jenereta ipo, tatizo ni petroli.

Ndugu zangu, nimelibeba swali hilo mpaka kwenye mkutano huu.

Gari la kituo, basi. Kwa safari ya kawaida, kutoka kituoni hadi hospitali ya wilaya na kurudi, gari la umeme linatosha na linabaki, na mteremko ungelilisha. Kwa siku kama hizo vijana wako sahihi kabisa, na gharama ya kilomita ingekuwa ndogo mno. Lakini gari la wagonjwa halinunuliwi kwa ajili ya siku ya kawaida. Mgonjwa akipewa rufaa ya Bombo, Tanga, ni zaidi ya kilomita 150 kwenda tu, na dereva anatakiwa arudi usiku huohuo kwa sababu mwingine anasubiri. Akipelekwa KCMC Moshi ni mbali zaidi. Safari hiyo mimi niliifanya kwa kulala Mkata. Mgonjwa halali Mkata. Na umeme ukikatika siku tatu kwa sababu ya mti au udongo kuporomoka, ndizo siku hizohizo barabara ni tope na wito ni mwingi. Halafu wiki kumi na moja za kusubiri spea: mimi nilipanda daladala. Kituo kitapanda nini?

Kwa hiyo ushauri wangu kwa Kamati, na nautoa nikiwa mpenzi wa magari ya umeme kuliko mtu yeyote ukumbini humu, ni kwamba mwaka huu tununue Land Cruiser ya dizeli yenye kuvuta magurudumu manne, ambayo kila fundi wa Mombo anaweza kuifungua akiwa amefumba macho. Magari ya umeme yakishapata vituo vya kuchaji vya haraka kwenye barabara ya Segera na fundi mmoja mwenye vifaa wilayani, nitakuwa wa kwanza kuleta pendekezo lile tena.

Ila betri iende mlimani mwaka huuhuu. Nimepiga hesabu na yule muuguzi kwa simu. Taa za wodi ya wazazi za kisasa, mashine ya oksijeni, ya kufyonza, na friji ya chanjo, kwa pamoja ni kama wati 600. Kwa saa kumi na mbili za usiku ni uniti saba na kidogo. Betri ya uniti kumi ya chuma na fosfati, aina ileile iliyoko kwenye gari langu, pamoja na paneli za jua juu ya bati, inavusha wodi usiku mzima na kujazwa tena mchana. Kukiwa na wingu, umeme wa gridi unaijaza ukirudi. Haihitaji barabara ya Segera wala dereva. Gharama yake ni sehemu ndogo ya bei ya gari, na mwenzetu mhandisi aliyeko meza ya tano ameahidi kusimamia ufungaji bila malipo. Naomba asimame mumwone. Asante, mhandisi, sasa huwezi kukimbia.

Limebaki jambo ambalo ni la uhasibu tupu, na ndilo linaloninyima usingizi. Tumezoea kuchangia kitu, kukifunga utepe, kupiga picha, halafu tunakiacha kijitegemee. Ile hoja ya vijana juu ya mafuta haiondoki kwa kununua dizeli; inazidi. Land Cruiser kwenye milima yetu itakwenda kilomita saba au nane kwa lita, yaani kama shilingi 400 kwa kilomita. Ikitembea kilomita 1,500 kwa mwezi, ni laki 6 kila mwezi, milioni 7 na laki 2 kwa mwaka, bila tairi, bila oili, bila posho ya dereva wa usiku. Hizo hela hazimo kwenye bajeti iliyochapishwa kwenye kijitabu mlichoshika. Nimeangalia mara mbili.

Nimemwomba Mwenyekiti, na amekubali, kwamba fomu za ahadi za usiku huu ziwe na safu tatu: ya gari, ya betri ya wodi, na ya mafuta na matengenezo kwa miaka mitatu. Hela za safu ya tatu zitakaa kwenye akaunti yake, haziguswi kwa kingine, na taarifa yake nitaiandika mimi kila robo mwaka na kuituma kwenye simu zenu. Mia mbili kati yetu tukitoa shilingi 3,000 kwa mwezi, sawa na lita moja ya mafuta kila mtu, dizeli ya mwezi imepatikana.

Watu hupenda safu ya kwanza kwa sababu gari lina ubavu wa kuandika majina. Tafadhali anzeni kujaza na ya tatu. Kalamu ziko kwa Mweka Hazina, na fomu zitapita sasa hivi kabla chakula hakijaletwa.